Pikipiki Nzito? Mtafute Mchawi Gurudumu la Nyuma

Kijana mmoja wa kijiwe kilicho jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro, alihangaika na bodaboda yake wiki nzima. Haivuti. Akipakia abiria wawili, kilima kidogo tu kinamlazimisha arudi gia ya pili. Akabadilisha plagi. Kabureta ikafunguliwa, ikaoshwa. Akanunua klachi pleti mpya, akalipa na hela ya ufundi, na jioni pikipiki ikawa nzito vilevile. Kesho yake fundi mmoja mzee aliyekuwa anapita njia akamwambia aiweke kwenye stendi kubwa, aweke fri, kisha azungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Likaenda nusu mzunguko, likasimama kama limeshikwa na mtu.

“Mdogo wangu,” mzee akamwambia, “injini umeionea bure. Hii breki haijaachia tangu lini?”

Nilikuwepo. Tangu siku ile, mtu akiniambia pikipiki yake imekuwa nzito, swali langu la kwanza ni kama amezungusha gurudumu la nyuma. Injini hizi za cc 100 hadi 150 hazina nguvu za kugawa. Zikitumia sehemu ya nguvu hiyo kupambana na breki, mafuta yanayoungua yanatoka kwenye hesabu ya siku, na breki nayo inaisha kabla ya wakati wake. Baya zaidi, breki iliyopata moto siku nzima inaweza kukosekana dakika ile unayoihitaji.

Vidokezo hivi vinahusu zaidi pikipiki zenye breki ya dramu nyuma, yaani Boxer, TVS HLX na nyingi tunazoziona vijiweni. Wenye disiki nyuma nao wana fungu lao huko chini.

1. Anza na kumbukumbu, spana baadaye

Breki inayoshika huanza kidogo kidogo. Unaachia mafuta kwenye mteremko unaoujua, na pikipiki haiserereki kama zamani. Mafuta yaliyokuwa yakikufikisha jioni yanaisha saa tisa. Ukisimama kwenye taa unasikia harufu ya kuungua, kama kitambaa kilichosahaulika chini ya pasi. Ukiisukuma imezimwa, unatoka jasho.

Ukishaziona dalili hizo, jiulize: ilianza lini, na siku moja au mbili kabla yake kulifanyika nini? Cheni ilikazwa? Gurudumu lilifunguliwa kwa sababu ya pancha? Ulianguka ukalalia upande wa kulia? Ulivuka maji, au pikipiki ililala nje na mvua baada ya kuoshwa? Fundi makini huuliza maswali haya kabla hajainama. Asipoyauliza, mweleze mwenyewe.

2. Inyanyue, izungushe, isikilize

Zima injini, weka fri, simamisha kwenye stendi kubwa ili gurudumu la nyuma liwe hewani. Kama haina stendi kubwa, mwombe mwenzako aiegemeze kwenye stendi ya pembeni mpaka tairi linyanyuke, na aishike kweli. Zungusha kwa mkono kuelekea mbele.

Usitegemee lizunguke kama la baiskeli. Cheni na gia zinakula nguvu kidogo. Likienda mzunguko mmoja au miwili kisha likasimama taratibu, ni zima. Likikata ghafla, kuna kinachoshika.

Sasa tega sikio, maana kila kosa lina sauti yake. Mkwaruzo mwembamba unaosikika mahali pamoja, na gurudumu linaendelea kuzunguka vizuri, ni kawaida kwa shuu mpya ambazo hazijakaa sawa. Kushika na kuachia mahali palepale kila mzunguko kunaonyesha dramu imepoteza uduara wake. Kushika sawasawa mzunguko mzima kunaonyesha breki imekazwa kupita kiasi, au kuna kitu kimegoma kurudi. Na ukisikia mngurumo wa mchanga, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, angalia beringi kabla hujailaumu breki.

3. Pima joto, lakini usiungue

Endesha kilomita nne au tano mahali pasipo na msongamano, ukitumia breki ya mbele peke yake na ukienda polepole. Simama, halafu dondosha matone mawili matatu ya maji kwenye habu ya nyuma. Habu ambayo breki yake haikuguswa njia nzima haina sababu ya kuchemsha maji. Yakitoa sauti ya kukaangwa na kukauka hapohapo, umepata jibu.

Matone tu, tafadhali. Kuna wanaomwaga kopo zima la maji baridi juu ya dramu ya moto ili ipoe haraka. Chuma kikipoozwa ghafla namna hiyo kinaweza kupinda au kupasuka. Iache ipoe yenyewe.

4. Tenganisha kabla hujanunua

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote. Unachohitaji ni spana zako na robo saa ya kivuli.

Fungua nati iliyo nyuma kabisa ya fimbo ya breki mpaka fimbo ichomoke kwenye mkono wa breki, ule mkono mfupi ulio pembeni ya habu. Angalia usipoteze kipini kidogo cha mviringo na springi yake. Sasa pedali haina mawasiliano yoyote na gurudumu. Zungusha tena.

Likizunguka huru, tatizo liko nje: ni nati iliyokazwa mno, fimbo iliyopinda, au pedali isiyorudi. Usifungue gurudumu. Nenda moja kwa moja kidokezo cha 5, cha 6 na cha 7.

Likiendelea kushika, usukume mkono wa breki kwa kidole kuelekea nyuma, upande wa kuachia. Ukirudi na gurudumu likawa huru, kamu iliyo ndani ya dramu imekauka au springi za shuu zimechoka. Hapo ni kidokezo cha 8.

Bado linashika? Legeza nati ya ekseli mzunguko mmoja tu. Gurudumu likipata uhai, kosa liko kwenye bushi au beringi, na huenda mtu aliyelifungua mara ya mwisho hakulirudisha sawasawa. Ikishindikana hapo pia, toa cheni kwenye spoketi ya nyuma. Gurudumu likizunguka bila cheni, ujue breki haikuwa na kosa hata kidogo.

Kwa kila hatua umekitoa kitu kimoja kwenye orodha ya washukiwa, na hujatoa hata shilingi mfukoni. Yule kijana wa Msamvu alianza dukani, na hapo ndipo hela yake ilipopotelea.

5. Cheni ilikazwa lini?

Sababu hii naiona mara nyingi kuliko nyingine zote, na ndiyo iliyokuwa kwenye pikipiki ya yule kijana. Siku kumi kabla, alikuwa amekaza cheni.

Tazama inavyotokea. Ili cheni ikaze, gurudumu lote la nyuma linasogezwa nyuma kwenye swingamu. Mkono wa breki umefungwa kwenye gurudumu, kwa hiyo nao unasogea nyuma. Lakini fimbo ya breki haikurefuka. Imeshikwa mbele na pedali, nyuma na nati, na sasa inauvuta ule mkono kama vile mguu wako uko juu ya pedali. Umekaza cheni, na bila kujua umekaza na breki.

Ndiyo maana kukaza cheni hakujaisha mpaka nati ya fimbo ya breki iguswe. Utaratibu uwe hivi: legeza kwanza nati ya fimbo, legeza ekseli, sogeza gurudumu kwa kufuata alama za pande zote mbili ziwe sawa, kaza ekseli, kisha rudi kwenye nati ya fimbo uipime upya. Fundi akikurudishia pikipiki baada ya kukaza cheni na hukumwona akigusa nati hiyo, zungusha gurudumu palepale, mbele yake. Huko si kumdharau, na fundi mzuri atafurahi.

Kuna ndugu wa kosa hili: cheni yenyewe iliyokazwa kama uzi wa gitaa. Nayo hulifanya gurudumu liwe zito, na watu huilaumu breki. Kwa pikipiki nyingi za aina hii, cheni ikisukumwa katikati juu na chini icheze kama milimita 20 hadi 30, na uipime sehemu kadhaa huku ukizungusha gurudumu, kwa sababu cheni iliyozeeka haikazi sawa kotekote. Kitabu cha pikipiki yako kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu.

6. Mchezo wa pedali: vidole viwili

Mchezo ni ule umbali ambao pedali inashuka bure kabla breki haijaanza kushika. Pikipiki nyingi za dramu hutaka milimita 20 hadi 30 kwenye ncha ya pedali. Kama huna rula, pima kwa upana wa vidole viwili vya mtu wa kawaida vilivyolala bapa. Ukikosa mchezo kabisa, shuu zinagusa dramu muda wote. Ukizidi, mguu unatafuta breki wakati gari limeshakukatia mbele.

Nati igeuzwe nusu mzunguko kwa wakati mmoja, na kila nusu uhakikishe imekaa kwenye kile kipini cha mviringo. Isipokaa vizuri, ukikanyaga breki mara ya kwanza itajisogeza yenyewe na kipimo chako kitapotea.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau: pima tena pikipiki ikiwa na mzigo. Ukipakia, shokomzoba zinabonyea, swingamu inapanda, na kwenye pikipiki nyingi umbali kati ya pedali na mkono wa breki unabadilika. Breki iliyokuwa huru kwenye stendi inaweza kuanza kushika ukishabeba abiria na gunia la mkaa. Mwite mwenzako apande nyuma, nawe ukae mbele, kisha ujaribu pedali. Mnaobeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, mnajua kwamba hairuhusiwi, na breki inajua zaidi.

7. Pedali yenyewe inarudi?

Ibonyeze kwa mkono, uiachie. Irudi juu kwa nguvu. Ikirudi kwa uvivu, tafuta sababu kwenye mambo haya.

Tope. Ekseli ndogo ya pedali iko chini, karibu na barabara, na inakula matope ya masika yote. Ichomoe, isafishe, ipake grisi. Watu wanakumbuka kupaka cheni mafuta kila wiki, lakini ekseli ya pedali inaweza kukaa tangu pikipiki inunuliwe bila kuona grisi.

Kuanguka. Pedali ya breki iko upande wa kulia, na pikipiki ikilalia upande huo, pedali ndiyo inayopokea. Ikipinda kidogo tu inaanza kusugua kava la injini au kigingi cha mguu, na hapo hairudi yote.

Springi. Nimeona pikipiki nyingi ambazo springi ya kurudisha pedali ilipotea, pakafungwa kipande cha mpira wa tyubu. Mpira ule unafanya kazi siku mbili tatu, kisha jua linaulegeza. Springi halisi ni ya bei ndogo. Inunue.

Ukitaka shahidi wa haraka, simama nyuma ya pikipiki usiku au kwenye kivuli na uitazame taa ya breki. Swichi yake huvutwa na pedali. Taa ikibaki inawaka wakati mguu hauko kwenye pedali, huenda pedali haijarudi. Hakikisha tu kwamba swichi yenyewe haijakazwa kupita kiasi, wala wenzo wa breki ya mbele haujakwama.

Halafu kuna mguu. Dereva aliyechoka huegemeza unyayo juu ya pedali bila kujua, hasa akivaa kandambili zinazoteleza kwenye kigingi. Mwombe mwenzako aendeshe nyuma yako akutazamie taa.

8. Kamu ikikauka

Tuingie ndani ya dramu sasa. Ukifungua gurudumu na kuitoa sahani ya breki, utakuta shuu mbili zenye umbo la mwezi mchanga, zimeshikwa na springi mbili. Upande mmoja zimeegemea kigingi kisichosogea. Upande wa pili zimebana kichuma bapa, na hicho ndicho kamu. Ukikanyaga pedali, kamu inageuka na kuzipanua shuu ziguse dramu. Ukiachia, springi zinazivuta zirudi.

Kamu hupita kwenye tundu la sahani ya breki, na tundu hilo ndilo adui. Maji ya kuoshea pikipiki kwa presha, vumbi la barabara ya rafu na matope vinaingia humo na kutengeneza kutu. Hapo kamu inageuka kwa nguvu ya mguu wako, lakini springi hazina nguvu ya kuirudisha. Aliyewahi kuvuka maji ya Jangwani wakati Mto Msimbazi umefurika, kisha akaiacha pikipiki ikae siku mbili, anaijua breki inayogoma kuachia asubuhi.

Dawa yake: toa shuu, weka alama mkono wa breki ulivyokaa kwenye kamu, utoe mkono, chomoa kamu. Isugue kwa msasa laini mpaka ing’ae, safisha tundu kwa kitambaa, kisha paka grisi ya kuvumilia joto, kidogo sana, kwenye shina la kamu na pale shuu zinapoigusa. Nasema kidogo sana kwa sababu grisi ikizidi, joto litaiyeyusha, itatiririka kwenye shuu, na utakuwa umebadilisha breki inayoshika kwa breki isiyoshika. Shuu iliyolowa grisi au oili usiisafishe kwa petroli ukajidanganya kwamba imepona. Itupe.

Springi nazo zitazame. Zilizolegea au zenye rangi ya bluu ya kuungua zibadilishwe pamoja na shuu.

9. Ujanja wa kusogeza jino

Shuu zikiisha, mkono wa breki unazidi kwenda mbele kila ukikaza nati, mpaka nati inafika mwisho wa nyuzi. Hapo fundi wa haraka huuchomoa mkono, akauzungusha jino moja kwenye kamu, na breki ikarudi kama mpya. Tafadhali usikubali.

Kamu imetengenezwa igeuke kiasi fulani tu. Ukiisogeza jino, inageuka kupita pale, na kwenye shuu zilizokwisha inaweza kusimama wima kabisa katikati yao. Ikisimama hivyo, springi haziwezi kuirudisha, na gurudumu linafunga barabarani. Mkono na kamu vina alama za nukta zinazotakiwa kutazamana. Zisipotazamana kwenye pikipiki yako, kuna mtu ameshakufanyia ujanja huu.

Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye mkono na alama kwenye sahani ya breki. Ukikanyaga breki na mshale ukafika kwenye alama, shuu zimekwisha. Kwa kipimo cha rula, kitambaa cha shuu kikibaki milimita 2, badilisha. Na ukiwa umeifungua dramu, soma kipimo cha mwisho kilichochongwa ndani yake. Dramu ya milimita 110, kwa mfano, kwa kawaida kikomo chake ni 111. Milimita moja tu.

10. Gurudumu lililotoka kwa mtu wa pancha

Pancha za njiani zinazibwa haraka, abiria anasubiri, jua linawaka, na vitu vidogo vinasahaulika. Ukirudishiwa gurudumu, kagua mambo mawili.

La kwanza ni bushi, vile vipande vya bomba vinavyokaa kati ya gurudumu na swingamu. Kikisahaulika kimoja au vikibadilishana upande, ukikaza ekseli unabana beringi na sahani ya breki pamoja. Gurudumu likiwa huru nati ikilegezwa na zito ikikazwa, jawabu liko hapo.

La pili naomba ulisome mara mbili. Sahani ya breki imeunganishwa na swingamu kwa upau mmoja wa chuma wenye boliti, nati na pini ya usalama. Kazi ya upau huo ni kuizuia sahani isizunguke pamoja na gurudumu unapokanyaga breki. Ukilegea au ukiachwa bila kufungwa, siku utakapokanyaga kwa nguvu sahani itazunguka, itaisokota fimbo, na gurudumu la nyuma litafunga ghafla. Watu wanaumia kwa boliti hii moja. Ishike kwa mkono, itikise, hakikisha pini ipo. Usiondoke kabla hujafanya hivyo, hata abiria akinung’unika.

Kuna na ufundi mdogo wa kuzikalisha shuu katikati: kabla ekseli haijakazwa mwisho, zungusha gurudumu, kanyaga breki kwa nguvu, na mguu ukiwa bado umekanyaga, ndipo nati ya ekseli ikazwe. Shuu zinajipanga zenyewe kulingana na dramu. Mkwaruzo wa upande mmoja uliokuwa unakusumbua mara nyingi unaishia hapo.

11. Usipulize vumbi

Ukifungua dramu, utakuta vumbi jeusi jepesi. Mafundi wengi hulipuliza kwa mdomo au kwa hewa ya kompresa, na wanaozunguka wote wanalivuta. Shuu nyingine, hasa za zamani au zisizojulikana zilikotoka, zina asbesto, na vumbi la asbesto husababisha saratani ya mapafu inayojitokeza miaka mingi baadaye. Lowesha kitambaa, futa, kitupe kitambaa. Ukiwa fundi, waambie na vijana wanaojifunza kwako. Wao ndio wanaoinama karibu zaidi.

12. Wenye disiki nyuma

Kwenye Pulsar kubwa na nyinginezo zenye disiki nyuma, kusuguana kidogo kwa pedi na disiki ni kawaida. Gurudumu likiwa zito kweli, chukua spana ya nipo ya kutolea hewa kwenye kalipa, weka kitambaa na kichupa chini yake, uifungue kidogo.

Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, kulikuwa na presha iliyonaswa. Sababu mojawapo ni pedali isiyo na mchezo: pistoni ya master silinda hairudi yote, kitundu cha kurudishia mafuta kwenye kopo kinabaki kimezibwa, na mafuta yakipata joto yanatanuka bila pa kwenda. Breki inajikaza yenyewe kadiri unavyoendesha, kisha ikipoa inaachia, na ukifika kwa fundi haoni kosa lolote. Wengine wameteswa na ugonjwa huu kwa miezi. Kitundu hicho kinaweza pia kuzibwa na uchafu, au paipu ya mpira ikawa imevimba kwa ndani.

Ukifungua nipo na gurudumu likabaki zito, basi pistoni za kalipa zimeota kutu, au pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekauka. Zisafishwe, na pini zipakwe grisi inayofaa mpira.

Mafuta ya breki yawe yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4, na yabadilishwe kila miaka miwili kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewani. Oili ya injini isiingie humo hata tone. Mipira yote ya ndani huvimba, na breki iliyovimba mipira haiachii tena. Mafuta ya breki yakimwagikia rangi ya pikipiki, mwagia maji mara moja.

13. Kulegeza siyo kutibu

Kwa pedali isiyorudi, kulegeza nati kutalifanya gurudumu lizunguke vizuri, na utaondoka ukidhani umepona. Kumbe umeondoa breki. Kama nati ilikuwa na kipimo sahihi na bado breki inashika, usiiguse. Tafuta kinachogoma kurudi.

Nalisisitiza hili kwa ajili ya wanaoshuka milima. Kitonga, au barabara ya Lushoto kushuka Mombo, havisamehi. Breki iliyokuwa ikishika tangu juu inafika katikati ya mteremko ikiwa na moto, na shuu zenye moto mkali zinateleza juu ya dramu hata ukikanyaga kwa uzito wako wote. Breki iliyolegezwa ovyo nayo inaishia palepale. Shuka kwa gia ndogo, injini ikusaidie kuzuia, na uzitumie breki zote mbili kwa vipindi badala ya kuegemea moja mfululizo.

14. Baada ya kutengeneza

Rudia safari ileile ya kilomita nne au tano, kwa namna ileile. Matone ya maji yaleyale kwenye habu. Kisha jaribu kusimama kwa breki ya nyuma mahali salama, mara tatu, kutoka mwendo mdogo, na baada ya kila mara inyanyue uone kama gurudumu limeachia kabisa. Shuu mpya zitahitaji safari kadhaa za namna hiyo kabla hazijakaa vizuri, kwa hiyo pima mchezo tena baada ya siku mbili tatu.

Mwisho, chukua rangi ya kucha au chaki ya mafuta, uchore mstari mmoja unaopita juu ya nati ya fimbo na nyuzi zake, na mwingine kwenye boliti ya ule upau. Asubuhi ukipiga jicho tu, mstari usipolingana utajua nati imesogea, au kuna mtu ameigusa.